Kambi ya Shanga Karibu na Nakuru: Jinsi ya Kupanga na Kufaidi Siku Tatu za Kutunga Pamoja

Kambi ya shanga ikiharibika, mara nyingi iliharibika kabla gari halijatoka stendi. Mtu alisema sindano zitapatikana hukohuko, mwingine akadhani mwenye nyumba ana meza za kutosha, na fundi akachagua mkufu wa shanga elfu tatu kwa watu ambao hawajawahi kushika uzi wenye nta. Jumamosi saa tano asubuhi watu kumi wanapekua pakiti, wawili wameshatoka nje na simu zao, na ile raha iliyosubiriwa mwezi mzima imegeuka foleni ya mkasi mmoja.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, katika nyumba ya kukodi upande wa Elementaita, Gilgil au Nakuru mjini. Mkizidi kumi na wawili, gawanyikeni meza mbili na muwe na wafundishaji wawili. Mtu mmoja hawezi kuzunguka mikono kumi na mitano bila wa mwisho kusubiri nusu saa, na anayesubiri nusu saa hufumua kazi yake kwa hasira.

Mahali na msimu

Nakuru inafaa kwa sababu iko katikati. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 160, na kutoka Kisumu kupitia Kericho ni kama 180, kwa hiyo hakuna anayejiona amebebeshwa safari ya wengine. Elementaita iko njiani kabla ya kufika Nakuru ukitokea Nairobi, na utulivu wake unafaa kazi ya mikono: ziwa hilo liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2005, na mwaka 2011 likatambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria. Kwa mtu aliyeinamia sindano saa mbili, kuinua macho na kutazama ndege aina ya mwari wakielea mbali majini ni dawa halisi ya macho, wala si mapambo ya tangazo la nyumba.

Epuka Machi hadi Mei kama nyumba iko mbali na lami. Mvua za masika hugeuza njia za ndani kuwa tope na matatu hukataa kuingia. Januari na Februari ni kukavu, lakini upepo wa mchana bondeni una vumbi na nguvu. Baraza linalopendeza saa tatu asubuhi, saa nane linaweza kukurushia pakiti tupu, uzi na karatasi ya mchoro hadi uani. Panga kazi ya nje iwe ya asubuhi.

Usiku kuna baridi, maana mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Vidole baridi havishiki sindano, hivyo waambie watu waje na sweta na soksi hata kama mchana ni jua kali.

Kabla ya kulipa arubuni, mpigie mwenye nyumba simu umuulize mambo haya bila haya: meza ni ngapi na urefu wake ni kiasi gani; viti vina migongo; chumba cha kukaa kina madirisha mangapi na yanaelekea wapi; soketi ziko karibu na meza au nyuma ya makochi; stima ikipotea kuna nini. Mwombe akupigie picha ya chumba hicho saa tisa mchana. Picha za matangazo hupigwa na mtu anayeuza kitanda, nawe unatafuta meza.

Kisumu nayo inawezekana, na samaki wa Dunga, kule ufukweni, peke yake ni sababu tosha, ila panga tofauti. Joto na unyevu wa ziwa hufanya vidole vitoke jasho, gundi ichelewe kukauka na waya wa chuma upate kutu mapema. Wadudu wa ziwani hufuata taa jioni kwa maelfu. Huko fanya kazi kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, pumzika jua linapokuwa kali, urudi mezani saa kumi, na taa ziwashwe madirisha yakiwa yamefungwa au yana wavu. Weka kitambaa kikavu cha mikono mbele ya kila mtu.

Meza na mwanga kwanza

Kila mtu anahitaji nafasi ya upana wa sentimita 70 hivi. Meza ya kulia chakula ya watu sita hutosha watunga shanga wanne, si sita. Meza ya kahawa ya chini, ile ya mbele ya kochi, isiguswe kabisa: shingo itauma kabla ya chakula cha mchana. Meza nzuri ina urefu wa sentimita 72 hadi 75 na kiti kinaruhusu nyayo zikae sakafuni. Kiti cha plastiki kikiwa kifupi, kiongeze mto.

Mchana, panga meza ili dirisha liwe ubavuni, upande usio wa mkono unaoshika sindano. Anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, la sivyo kivuli cha mkono wake kitafunika tundu analolitafuta. Jua lisipige moja kwa moja kwenye shanga za kioo, kwani mng'ao wake huchosha macho; pazia jepesi jeupe linatosha. Huku karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo huna jioni ndefu ya kutegemea. Kuanzia saa kumi na moja na nusu, washa taa.

Taa moja ya mezani ya LED, wati 9 hivi, yenye mwanga mweupe, iwahudumie watu wawili. Balbu ya manjano hufanya krimu ionekane nyeupe na buluu nzito ionekane nyeusi. Makosa ya rangi ya Ijumaa usiku hugunduliwa Jumamosi asubuhi, mistari ishirini baadaye. Beba nyaya mbili za kurefusha umeme, na taa mbili za kuchaji ambazo kweli zimechajiwa.

Mbele ya kila mtu tandika kipande cha blanketi laini la manyoya mafupi, sentimita 30 kwa 40. Blanketi moja jepesi la bei ya chini hutoa vipande kumi na viwili. Shanga hazibingiriki juu yake, na sindano huzichota bila kugonga meza. Usitumie taulo: vile vitanzi vyake vidogo hunasa ncha ya sindano kila mara. Chagua rangi ya kijivu au krimu. Juu ya nyekundu hutaziona nyekundu, na juu ya nyeupe kabisa macho huchoka.

Vifaa na vipimo

Namba za shanga huenda kinyume: namba ikikua, ushanga unapungua. Namba 6 ina kipenyo cha karibu milimita 4, namba 8 milimita 3, namba 11 milimita 2, na namba 15 milimita moja na nusu. Kwa uzito, gramu moja ya namba 8 ni kama shanga 38, na ya namba 11 za mviringo ni kama 110. Kwa kambi yenye wanaoanza, chagua namba 8. Namba 11 hupendeza zaidi mkononi, lakini humlazimisha mtu mwenye miwani ya kusomea kukesha.

Shanga za Jamhuri ya Cheki, ambazo kwa vizazi zimetoka eneo la mji wa Jablonec nad Nisou, ndizo zilizozoeleka katika kazi za Kimaasai na Kisamburu: zina rangi nzito na bei ya kati, na kuna tofauti kidogo kati ya ushanga na ushanga. Za Japani, kama Miyuki na Toho, zinalingana zaidi, tundu lake ni pana, na bei yake inalingana na sifa hizo. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa bila jina huwa na nyembamba, nene na zilizoziba tundu zikiwa pamoja. Zinafaa kuning'inia kwenye uzi mmoja, ila katika mshono wa bapa hupindisha kazi yote.

Kama shanga hazijulikani, zijaribu wiki mbili kabla. Chukua kumi, sugua tano kwa pamba yenye spiriti. Nyingine tano ziloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, kisha uzianike dirishani penye jua mpaka siku ya safari, ukizilinganisha na zilizobaki gizani. Waridi kali, zambarau na zile za rangi ya dhahabu ndizo hukimbia kwanza. Rangi ikitoka kwenye pamba, itatoka kwenye kiwiko cha shati pia.

Uzi uwe wa nailoni iliyosokotwa, mwembamba, unaopita mara tatu kwenye tundu moja bila kugoma. Nenda dukani na sindano yako na shanga tano, ujaribu hapohapo kaunta. Uzi wa mshipi wa kuvulia samaki ulio mgumu na mng'avu huonekana imara, lakini hukumbuka mkunjo wa gurudumu lake, hulegeza mafundo, na baada ya muda hukauka na kukatika. Sindano ni za shanga, namba 10. Kwa kila mtu weka mbili, pamoja na akiba ya sita za pamoja, kwa sababu zinapinda na kuvunjika, na hilo si kosa la mtu.

Nta ya nyuki ndiyo rafiki asiyesifiwa. Kipande cha ukubwa wa kiberiti, kinachopatikana kwa wauza asali, kinatosha kikundi kizima. Buruta uzi juu yake mara mbili, kisha uupitishe katikati ya vidole viwili ili joto liilainishe nta na kuondoa ziada. Uzi wenye nta haujisokoti wala hauchanuki ncha, na hushikilia mkazo unapouachilia kuchota ushanga.

Pakia kila kitu cha mtu mmoja katika mfuko mmoja wa plastiki wenye zipu, nyumbani, kwa mizani ya jikoni. Kwa bangili ya kambi mfuko uwe na hivi: shanga namba 8 nyekundu gramu 10 na nyeupe gramu 10, kifungo kimoja cha mfupa au cha kifuu cha nazi chenye kipenyo cha milimita 12 na jicho nyuma, sindano mbili zilizochomwa kwenye kipande cha kitambaa, na uzi pima tatu. Pima ni ile ya mikono iliyonyooshwa, kama mita moja na sentimita 70. Kwa watu kumi hizo ni gramu 100 za kila rangi, lakini nunua 125. Nunua zote siku moja, kutoka pakiti moja au toleo moja, kwa maana nyekundu ya wiki hii na nyekundu ya mwezi ujao si ndugu wa tumbo moja. Rangi zenyewe badilisha utakavyo, mradi ziwe mbili zinazotofautiana hata gizani.

Vya pamoja: mikasi mitatu midogo inayokata kweli, koleo moja yenye mdomo mwembamba, utepe wa kupimia, kichujio cha chai kwa kazi itakayoelezwa, kadi za kuandikia, na jozi mbili za miwani ya kusomea ya dukani. Daima kuna mtu aliyesahau yake, na daima hatasema mpaka saa nane mchana.

Mradi mmoja, wa watu wote

Wenye uzoefu watanung'unika. Waache wanung'unike. Kikundi kikifanya kitu kimoja, jirani anaweza kumsaidia jirani bila kumwita fundi, na mazungumzo huendelea. Kila mtu akija na mradi wake, mnakuwa watu kumi walioketi chumba kimoja. Aliyekwisha kuujua mshono abadilishe mchoro, asibadilishe mshono.

Bangili bapa ya mshono wa peyoti, ambao shanga hupishana kama matofali ukutani, safu 10 kwa upana, urefu wa sentimita 17, huchukua karibu shanga 570. Upana wake hutoka sentimita mbili na kidogo. Anayeanza ahesabu saa nne hadi sita pamoja na kufumua, na hizo ndizo saa mlizo nazo Jumamosi.

Kata uzi pima moja, upake nta, utunge sindano. Chota ushanga mmoja wa rangi yoyote, usogeze hadi ubaki mkia wa sentimita 15, kisha pitisha sindano ndani yake mara ya pili upande uleule. Huo ni kizuizi tu, utatolewa mwishoni.

Sasa chota shanga kumi kwa kupokezana: nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu, hadi kumi. Ya mwisho iwe nyekundu. Zisukume hadi kwenye kizuizi. Hizi kumi zitakuwa mistari miwili ya kwanza, ingawa kwa sasa zinaonekana mmoja.

Geuka. Chota nyekundu, ruka nyekundu ya mwisho, ingiza sindano kwenye nyeupe inayofuata. Vuta. Nyekundu mpya itakaa juu ya ile uliyoiruka. Chota nyekundu nyingine, ruka nyekundu, ingia nyeupe. Endelea hadi utokee kwenye nyeupe ya kwanza kabisa, iliyo karibu na kizuizi. Umeongeza shanga tano. Hesabu: zikiwa nne, umeruka mbili mahali fulani, fumua sasa, si kesho.

Ukitazama kwa karibu, kazi sasa ina meno. Tano zimeinuka, tano zimezama. Geuka tena, chota nyeupe, ingia kwenye jino la kwanza, ambalo ni nyekundu. Chota nyeupe, ingia jino linalofuata. Mstari ukiisha, meno yamekuwa meupe, na mstari unaofuata ni wa nyekundu. Hapa ndipo rangi mbili zinapolipa gharama yake: ushanga ulio kwenye sindano na ule unaouingia lazima uwe wa rangi tofauti. Ukijikuta unashika nyekundu na kuingia nyekundu, simama, umepotea njia.

Mistari mitatu ya kwanza hujipinda kama mnyoo na huwakatisha tamaa watu wazima. Ni kawaida. Ibane bapa kati ya kidole gumba na cha shahada, usiiachie mpaka mstari wa sita, ambapo kazi hujishika yenyewe. Kaza kwa kuvuta uzi kuelekea upande unakokwenda, sambamba na mstari. Ukivuta kuelekea juu, ushanga wa pembeni husimama wima na ukingo unakuwa kama msumeno.

Uzi ukibaki sentimita 15, acha. Rudisha sindano ndani ya kazi, ipite shanga nne au tano kwa njia ya uzi uliopo, funga fundo dogo kwenye uzi kati ya shanga mbili, pita tatu zaidi, kisha kata. Uzi mpya uingie kwa njia hiyohiyo kinyume, utokee pale ulipoachia. Usianze uzi mpya kwa kuufunga fundo na ule wa zamani: fundo la nyuzi mbili haliingii tunduni, na likibaki nje huonekana milele.

Kwa kufunga, shona kifungo kwenye mstari wa pili kutoka mwisho, katikati, ukipita jicho lake mara nne. Upande wa pili tengeneza kitanzi cha shanga 14 hadi 16, na kabla hujakikaza pitisha kifungo ndani. Kikiingia kwa kusukumwa kidogo, ni sawa. Kikiingia chenyewe, punguza ushanga mmoja. Kisha pita kitanzi chote mara mbili zaidi, kwa kuwa ndicho hukatika kwanza.

Siku zenyewe

Ijumaa usifundishe. Watu wamechoka barabara, mwanga ni wa balbu, na kosa la Ijumaa hulala na mtu. Wapokee kwa chai, wape mifuko yao, na baada ya chakula waache wachague shanga: nyembamba sana, nene sana na zilizovunjika ziende kwenye kifuniko cha chupa. Ni kazi ya mikono isiyohitaji akili, na midomo hufunguka. Kundi la watu wasiofahamiana huwa kundi moja hapo, si kwenye mchezo wa kujitambulisha.

Jumamosi anza saa mbili na nusu. Fundi aonyeshe kwa shanga kubwa, namba 6 au hata za mbao, juu ya kamba ya kiatu, ili meza nzima ione. Dakika ishirini za maonyesho zinatosha. Kinachobaki ni kuzunguka. Kila baada ya dakika 45 mtu mmoja aliyepewa saa aseme, na wote wasimame, wafungue viganja, wageuze shingo, watazame mbali. Atakayesema "namalizia mstari huu tu" ndiye atakayelalamika mgongo Jumapili.

Chai na mandazi viwe meza nyingine. Mafuta ya mandazi hushika kwenye uzi na kufifisha shanga zisizong'aa, na kikombe kilichomwagika juu ya gramu 20 za rangi mbili ni kazi ya saa nzima. Weka beseni la maji na sabuni mlangoni mwa chumba cha kazi. Mpishi alipwe, zamu za jikoni huwanyima watu walewale nafasi mezani kila mara, na mnawajua ni nani.

Baada ya chakula acha pengo hadi saa tisa. Anayetaka kulala alale. Anayetaka kutoka, Kariandusi iko karibu, upande wa Gilgil, ambako Louis Leakey alifanya uchunguzi miaka ya 1920. Shoka za mkono zilizopo hapo baadhi ni za obsidiani, kioo kilichotemwa na volkano. Mtu aliyeshinda asubuhi akihesabu shanga za kioo huzitazama kwa jicho jingine kabisa.

Jumamosi usiku ni wa kubadilishana. Kila mtu aje na pakiti tatu alizonazo nyumbani asizozitumia, kila moja ikiwa imeandikwa namba na gramu. Pakiti isiyo na maandishi isiingie mezani. Shanga za siri ndizo hujaa kwenye droo zetu sote.

Fundi wa nje

Mkimwalika mama wa Kimaasai au wa Kisamburu aonyeshe kazi ya waya na ngozi, mlipeni siku nzima hata kama atafundisha saa tatu, pamoja na nauli ya kuja na kurudi, na mkubaliane bei kabla hajapanda gari. Bei ya bidhaa alizobeba ni jambo jingine. Msiombe punguzo la kundi kwa mtu mliyemwita wenyewe. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mikono yake au ya mchoro, na muulize kama mchoro huo unaweza kuigwa na kuuzwa. Zile orodha za maana ya rangi, nyekundu ni hiki na kijani ni kile, hurahisishwa sana kwa ajili ya watalii. Muulize yeye rangi hizo zinakaaje pamoja kwao, nani huvaa nini na lini, kisha msikilize. Mwiteni Mama, apate kiti chenye mwanga, na asihudumiwe chakula wa mwisho.

Mambo yanayokwenda kombo

Ushanga wa ziada umeingia mistari kumi nyuma? Huna haja ya kufumua. Ingiza pini nene kwenye tundu lake ili kulinda uzi, vaa miwani, funika kwa kitambaa, ubane ukingo wa ushanga kwa koleo mpaka upasuke. Ukiubana bila pini, kioo hukata uzi na utafumua kweli.

Sindano imekwama katikati ya tundu: usiisukume kwa jino wala kwa meza. Ivute kwa koleo taratibu ikiwa wima. Ikigoma, tundu limejaa nyuzi. Rudi ulikotoka na utafute njia kwenye ushanga wa jirani.

Bangili inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda. Mkazo umeongezeka, kwa kawaida kwa sababu mtu amechoka au anaongea habari nzito. Asimame dakika kumi, afumue mistari michache tu.

Pakiti imemwagika sakafuni. Kwanza hakuna anayesogeza mguu. Zima taa, laza tochi ya simu sakafuni: mwanga wa chini hufanya kila ushanga utoe cheche na kivuli kirefu. Fagia kwa ufagio laini, kisha tia vyote, vumbi na nywele pamoja, kwenye beseni la maji. Shanga huzama, vumbi laini na nyuzi huelea; mwaga ya juu, chuja ya chini kwa kichujio cha chai, tandaza juu ya gazeti.

Sindano zihesabiwe kila jioni kabla ya watu kulala, kwa sauti. Kwa watu kumi zilitoka ishirini na sita, zirudi ishirini na sita, hata kama mbili ni vipande. Kama kuna mtoto ndani ya nyumba, chumba cha kazi kifungwe kwa ufunguo wakati hakuna mtu: shanga hufanana na peremende.

Jumapili na kufunga

Asubuhi ya Jumapili ni ya kumalizia tu. Usianzishe mshono mpya, hata wakikubembeleza. Anayehitaji kitanzi apate kiti cha kwanza chenye mwanga karibu na dirisha, na aliyemaliza amwingizie jirani mikia ya uzi. Ambaye bangili yake haitaisha aondoke na mfuko wake, uzi pima moja uliokwisha kupakwa nta, na kadi inayosema amefika mstari wa ngapi na rangi gani inafuata. Bila kadi hiyo, mfuko hautafunguliwa tena hadi mwaka ujao.

Fedha zisomwe mbele ya wote kabla ya magari kufika: nyumba, chakula, mpishi, vifaa, fundi, taa, na akiba mliyoweka ya kama asilimia 10. Kilichobaki kirudishwe kwa M-Pesa siku hiyohiyo, au wote wakubali kwa sauti kiwe arubuni ya safari nyingine.

Shanga zisafiri zikiwa ndani ya begi la mkononi, chini, zimezungukwa na nguo. Na nyama choma ya Kikopey, kituo cha barabarani karibu na Gilgil, iwe ya kurudi, si ya kuja, kwa sababu mtu aliyeshika mbavu za mbuzi saa saba hatashika uzi wenye nta saa kumi. Bangili mpya ikipata mafuta huko, ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe kwa kulazwa bapa; ikianikwa kwa kuning'inizwa, uzito wa maji huvuta uzi na kuacha mapengo.